TAHADHARI WANA TANGA: ILE "KOKI YA UMEME" YA PIKIPIKI NI YA MASHINE YA MAJI

Siku 3 nilikuwa najishauri niandike au ninyamaze, maana aibu ni yangu. Mtu mzima, miaka 11 kwenye kijiwe cha bodaboda, nachekwa mpaka na shemeji yangu. Lakini jana nimesikia dogo wa Makorora naye kafungiwa ile ile, kwa mkono ule ule. Nikasema basi, bora nichekwe.

Yale ya wizi wa pikipiki mwezi wa pili mnayajua, sirudii. Tangu siku ile nilikuwa silali, kila pikipiki ikipita usiku natoka nje kuangalia yangu. Halafu pini ya kabureta, ile inayozuia petroli isizidi, imekwisha. Nikisahau kufunga koki ya petroli usiku, asubuhi naikuta oili imechanganyika na petroli, nyepesi kama chai ya rangi. Sasa mtu akikwambia ipo koki inayojifunga yenyewe ukizima swichi, na ukitaka anakuwekea na kibonyezo cha siri chini ya siti ili mwizi asifike mbali, wewe ungemjibu nini?

Najua mtasema tamaa. Si tamaa. Alhamisi, watu wametoka kuswali Alasiri, Ngamiani pale pale mnapopajua. Kijana ana kanzu, anaongea pole pole, kaninunulia kahawa na kashata kabla hata sijakaa. Katoa boksi, ndani kidude kimebandikwa karatasi ya kung'aa yenye mchoro wa pampu ya mafuta. Kagusisha waya kwenye betri: tak! Katoa: tak! Nikamwambia rudia. Karudia mara 4, na mimi kila mara nasogeza sikio kama daktari.

Hapo nikajitia mjanja. Nikamwambia mlio si kazi, nionyeshe inakata kweli. Ndipo aliponimaliza. Hakubabaika hata kidogo. Kainuka, kachomeka mpira kwenye bomba la maji la duka la jirani, kaunga ile koki, kafungulia. Hakuna hata tone. Kagusisha betri, maji pyuu mpaka kwenye viatu vyangu. Katoa waya, kimya. Nilipiga makofi, jamani. Nilipiga makofi na kusema "hii kiboko" mbele ya watu ambao leo nikipita pale wote wanashikwa na kikohozi.

Kwenye kufunga sasa. Kaniambia nifunge koki ya mkono kwanza, wese lisimwagike. Kasema bismillahi ndipo akakata mpira. Kaweka na fyuzi! Tapeli gani anaweka fyuzi? Mwisho ananiambia, "Kaka, hela usinipe kwanza. Iwashe, zunguka, ukiridhika ndio unilipe." Kiki moja ikaitika. Nikaenda mpaka Tangamano nikarudi, nikalipa 45,000 ya koki na 10,000 ya ufundi, sikuomba kupunguziwa hata mia, na dua nikamwombea juu. Kumbe safari nzima ile naendesha kwa wese lililobaki kwenye bakuli la kabureta.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Deep Sea na ndoo yake ya vibua, anakwenda Kange. Hata Majani Mapana hatujafika, pikipiki ikaanza kukohoa, ikazima. Nikasubiri bila kuzima swichi, ikawaka, mita 200 ikazima tena, lori la saruji likatupita na honi yake mgongoni kabisa. Bibi akashuka, akaniangalia. "Mwanangu, mafuta unaitia au unainusisha?" Akasimamisha bajaji, akapanda na ndoo yake. Nauli hakunipa na sikuidai.

Nikarudi kwa yule kijana. Kasema hiyo ni hewa tu, legeza mfuniko wa tangi. Nikalegeza! Siku 4 natembea na tangi lipo wazi nusu, nanuka petroli mpaka ndani ya nyumba. Siku ya 5 mke wangu ndiye aliyeona: matone, moja moja, juu ya injini ya moto, na mtoto anacheza hatua 2 kutoka pale. Hapo sitaki kuendelea, mkono unanitetemeka.

Shemeji yangu kazi yake kufunga mashine za kuchuja maji majumbani. Kaja, kakishika kidude, ile karatasi ikabaki kwenye kidole chake maana petroli imeshayeyusha gundi. Chini yake kuna maandishi kwenye plastiki: 12V, halafu 0.02 mpaka 0.8 MPa. Kacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hii ni koki ya mashine zangu. Sisi tunainunua 12,000."

Alivyonieleza ni hivi. Koki ya aina ile umeme peke yake hauifungui vizuri, inataka na kinachopita kiisukume, na msukumo wa chini kabisa ndio huo 0.02. Kwa petroli ya kujitiririkia, tangi ingebidi likae karibu mita 3 juu ya kabureta. La pikipiki limeizidi kabureta kwa futi moja tu, kwa hiyo wese linapita la kudonoa. Bomba la maji lina nguvu hiyo, ndio maana pale dukani ilifunguka nikapiga makofi. Yaani bomba lile hakulitumia kwa bahati. ANAJUA. Tukaifungua, mpira wa ndani umevimba na kujikunja kama kitumbua kilichosahauliwa kwenye chai. Ni mpira wa maji ule, petroli inaula.

Sasa mtu wa namna hii anatembea Tanga kwa sababu gani? Angeniunguzia mtoto kwa 55,000! Apelekwe gereza la Maweni akaponde kokoto. TBS wa viwango na FCC wa ushindani kazi si hiyo? Njooni Ngamiani basi, mnaanza na huyu. Na ile kanzu aivue kabla hajaingia ndani, asitutie aibu.

Ah, dalili, mtaniuliza. Zilikuwepo, nilizipita tu. Plastiki nyeupe, nyepesi. Karatasi imebandikwa juu ya maandishi, na mimi sikuibandua. Kaijaribu kwa maji, si kwa petroli. Risiti hakunipa, eti mashine ya kuitolea imeharibika. Nimetuma hela kwa simu likaja jina la mwanamke, kasema ni dada yake. Shemeji anasema za petroli za kweli zipo, msukumo wake unaanzia 0 na mpira wake unastahimili mafuta, lakini nazo waya ukikatika zinafunga, unazimikiwa na lori nyuma yako. Mimi nimerudisha koki ya mkono na pini ya kabureta nimenunua mpya, nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Dalili nyingine nitazikumbuka akishakamatwa.

Jana na juzi nimekwenda, meza haipo. Mwenye lile bomba anasema kahamia upande wa Muheza. Wana Muheza, akija kijana mpole kuwaomba bomba la maji, mpeni, halafu nipigieni simu haraka.