Baridi ya Dodoma: jiko gani ununue

Ikifika Juni upepo wa Dodoma haubembelezi mtu, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Ndipo watu wanapokwenda kutafuta jiko. Kabla ya bei, nakusihi: jiko la mkaa, hata liwe zuri vipi, usilale nalo chumbani. Makaa mekundu yaliyotulia hayana moshi, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Otea moto barazani, kisha ingia ndani na blanketi.

La kwanza kwangu ni jiko la bati lenye udongo ndani. Udongo unashika joto. Maharage yakiiva, makaa bado yanatosha kuchemsha maji ya kuoga. Ila usichague kwa rangi. Pale sokoni Majengo au Sabasaba, gonga udongo kwa kifundo cha kidole: mzima unalia kama chungu, wenye ufa sauti yake inafia humo humo. Kisha lowesha kidole usugue. Kikirudi na tope, udongo huo haujachomwa. Mwaka jana sikusugua, na wiki ya tatu nilikuwa naokota vipande kwenye majivu. Fungua na kufunga kidirisha cha hewa pia. Kisipobana hutaweza kupunguza moto, na mkaa utaisha bure.

La pili ni jiko zito la chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa, lenye bomba la kutoa moshi nje. Hili ndilo lililoundwa hasa kupasha nyumba joto. Jøtul wa Norwei na Morsø wa Denmark, wote wa tangu 1853, ni watengenezaji wa siku nyingi. Chuma chake kinachelewa kupata moto, lakini kuni zikishazima kinaendelea kutoa joto. Ukilimwagia maji baridi likiwa la moto, linaweza kupasuka. Ningeishi Makete, kule kwenye baridi kali, ningeliweka la kwanza. Kwa baridi yetu ya miezi michache, gharama ya kuliagiza na kutoboa paa ni kubwa mno.

La mwisho ni bati tupu. Ni rahisi, lakini joto linapotelea pembeni na kitako kinaungua mapema. Linafaa kuchomea mahindi.