Mashine ya mkate ya nyumbani: ipi uchukue kwanza, ipi uiache dukani

Wauzaji husifia idadi ya programu: 12, 15, hata 25. Zisikuvute. Nyumba nyingi huishia kutumia tatu: mkate mweupe, mkate wa atta, na ile ya kukanda tu, donge likatolewa kwenda kuwa skonzi au maandazi. Kinachoamua uhai wa mashine ni sufuria ya ndani na kikandio, yaani kile kibapa kinachozunguka chini yake.

1. Sufuria ya kusimama, kikandio kimoja, mkate wa gramu 750 hadi kilo moja. Hii ndiyo ya kununua. Itafute ya volti 220–240 na wati 500 hadi 700. Umbo la mkate si zuri sana, lakini donge hukandwa lote, hakuna unga mkavu unaobaki pembeni. Uliza swali moja kabla ya bei: umeme ukikatika, inakumbuka ilipofika? Nyingi zenye uwezo huo huendelea iwapo umeme utarudi ndani ya dakika 10 hivi. Isiyo nao huanza upya, na donge lililokwisha kuumuka hupigwa tena likafa.

2. Sufuria ndefu, vikandio viwili. Mkate hutoka kama wa dukani, mzuri kwa slesi. Ila vikandio viwili ni sili mbili (mipira ya kuzuia maji yasipenye chini ya kikandio) zinazoweza kuvuja, na mkate huwa na matundu mawili chini. Ukipika nusu kipimo, donge husogea upande mmoja na kubaki hukohuko. Inafaa familia inayomaliza kilo nzima kila siku.

3. Mtumba wa Uingereza au Dubai. Umeme wao unalingana na wetu, hata plagi ya pini tatu ni ileile. Kagua hivi: toa sufuria, mimina maji vikombe viwili, iweke juu ya karatasi kavu kwa dakika 10. Karatasi ikilowa, sili imekwisha. Kisha zungusha kwa vidole kile kishikio kilicho chini ya sufuria, kinachozungusha kikandio. Kikikwaruza au kikiacha weusi wa grisi, rudisha. Na kama rangi ya ndani imebanduka, mkate utang'ang'ania. Usikubali mashine isiyo na kikandio chake: maumbo hutofautiana, na cha kufanana hakipatikani kirahisi.

4. Ya Marekani au Japani. Iache. Volti 120 na 100 zinadai transfoma ya kushusha umeme, ya wati 1000 kwa usalama, na bei rahisi yote imeishia hapo.

Ukishafika nayo nyumbani, anza na kipimo hiki: maji mililita 320, mafuta vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, unga wa ngano gramu 500, kisha hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai ndani ya kishimo juu ya unga, isiguse maji. Mashine chache hutaka hamira itangulie. Fuata kijitabu chake. Pima unga kwa mizani. Kikombe hudanganya.

Baada ya dakika 10 za kukanda, fungua kifuniko utazame. Donge liwe mviringo, laini, lisiache matope ukutani. Likiwa limepasukapasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likitapakaa, unga vivyo hivyo.

Mkate unaobonyea katikati ndio malalamiko makubwa ya watu wa Dar es Salaam na Mombasa, nao hulaumu mashine. Kosa ni joto: donge huumuka upesi, linaishiwa nguvu kabla moto haujawaka. Tumia maji ya friji na upunguze hamira kwa robo. Programu ndefu ya saa tatu na zaidi usiiwashe kwa taima ya usiku kama kuna maziwa au mayai ndani, yataharibika kabla ya alfajiri.

Mkate ukiiva, utoe mara moja. Ukiachwa ndani hulowa mvuke na ganda lake hulegea.