Antivirusi Inapolemea Kompyuta ya Zamani: Ununue Nini Kwanza

Kabla ya kutoa pesa, pima. Washa kompyuta, iache dakika 15 bila kuigusa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, tazama safu za CPU (prosesa), Memory (RAM, yaani kumbukumbu ya kazi) na Disk (diski) huku ukifungua programu unazotumia kila siku. Safu inayokwea hadi karibu na asilimia 100 na kung'ang'ania huko ndiyo itakayokuonyesha pesa iende wapi. Jina la Antimalware Service Executable likiwa juu ya orodha, usiogope: hiyo ni Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows 10 na 11. Si kirusi.

Katika mashine nyingi za umri mkubwa safu inayojaa ni Disk. Ndiyo maana nafasi ya kwanza hapa hatukuipa antivirusi yoyote.

1. Diski ya SSD

Antivirusi hukagua faili kila inapofunguliwa, na programu moja ikianza huweza kugusa mamia ya faili ndogo zilizotawanyika. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama huku na huku kuzitafuta, na kwa kazi ya namna hiyo humudu takriban maombi 100 tu kwa sekunde. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hata ya bei ya chini, humudu maelfu. Antivirusi itabaki ileile, ila foleni haitakuwepo.

Nunua ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA. GB 240 au 256 zinatosha Windows na nyaraka za kawaida. Nyingi zina unene wa milimita 7, na laptopu za zamani zimetengewa nafasi ya milimita 9.5, kwa hiyo tafuta yenye fremu ya kujazia milimita 2.5, la sivyo itacheza ndani. Ongeza waya wa USB kwenda SATA wa kunakilia diski nzima.

Hapa watu wengi huteleza. Kabla ya kunakili, soma afya ya diski ya zamani kwa programu kama CrystalDiskInfo. Namba ya Current Pending Sector, yaani sekta zinazoshukiwa kuharibika, ikiwa juu ya sifuri, okoa nyaraka zako kwanza, kisha weka Windows upya kwenye SSD badala ya kunakili. Diski inayokufa hufanana mno na antivirusi nzito: ukaguzi ukifika kwenye sekta mbovu, diski hurudia kusoma mara nyingi na kompyuta nzima inaganda. Lawama zote huangukia antivirusi.

Ukiweka Windows upya, hakikisha BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla ya Windows) iko kwenye AHCI, namna ya kuwasiliana na diski, kabla ya kuanza. Ukinakili, usiguse mpangilio huo, kuubadilisha ghafla kunaweza kuifanya Windows ikatae kuwaka.

2. RAM

Inunue ikiwa Memory inavuka asilimia 80 ukiwa na kivinjari tu. Kutoka GB 4 kwenda 8 ni hatua inayoonekana. DDR3 na DDR4, ambazo ni vizazi vya RAM, haziingiliani. Kama laptopu inahitaji DDR3L ya volti 1.35, DDR3 ya volti 1.5 inaweza isiwake kabisa. Na ukiwa na Windows ya biti 32, hutafaidi chochote kupita GB 4 mpaka uweke ya biti 64.

3. Defender iliyorekebishwa

Hii haina bei, na kwa safu ya CPU inayojaa ndiyo ya kuanza nayo. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kama msimamizi, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kiwango cha awali ni 50. Huo ni wastani wa prosesa inayoruhusiwa kutumika wakati wa ukaguzi wa ratiba. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi, na ulinzi wa wakati wote hauguswi. Kwa ulinzi huo, tafuta faili zinazosumbua:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Rudia kazi inayokwama, bonyeza Enter kusimamisha, halafu:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10

Ukikuta folda moja unayoiamini, mathalani ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta), iondoe kwenye ukaguzi. Folda ya vipakuliwa usiiondoe kamwe, wala C: nzima.

4. Antivirusi nyepesi ya kulipia

ESET NOD32 ni mfano mzuri. Chukua kifurushi cha chini kabisa, tumia kipindi cha majaribio, pima tena kwenye Task Manager, ndipo ulipe, na ulipe mwaka mmoja tu. Iliyokuwepo iondoe kwa zana ya kuondolea ya mtengenezaji wake. Mabaki ya antivirusi ya pili huendelea kukagua kila kitu sambamba na ya kwanza, na hili ni moja ya makosa ya kawaida kuliko yote. Defender yenyewe hujizima mpya ikiingia.

5. Vifurushi vikubwa

Vile vyenye VPN, kisafisha diski na hifadhi ya nywila. Kila kimoja huja na huduma zake za kuanza na Windows. Kwenye mashine yenye GB 4, acha.

Jambo moja hakuna leseni inayolitibu: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na antivirusi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Windows 11 hudai TPM 2.0, chipu ya usalama. Kompyuta isiyo nayo inaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, juu ya SSD hiyohiyo. Ile yenye GB 2 za RAM zilizochomelewa kwenye ubao mama, isiyoruhusu kuongezwa, usiinunulie kitu.