Shhh ya Laptopu kwenye Visikizi: Nunua Nini, Acha Nini

Malalamiko huwa ni yale yale. Mtu amenunua visikizi vya maana, vile vya kuingiza ndani ya sikio, amevichomeka kwenye laptopu, na kabla wimbo haujaanza anasikia shhh. Anapandisha volyumu, shhh haibadiliki. Anashusha mpaka sifuri, bado ipo. Anarudisha visikizi dukani, anapewa vingine vya aina hiyo hiyo, na shhh inamfuata.

Visikizi havina kosa. Amplifaya iliyo nyuma ya tundu la laptopu ina kelele yake ya kudumu, na hedifoni kubwa zinaificha kwa sababu zinahitaji umeme mwingi ndipo zitoe sauti. Visikizi vyenye usikivu mkubwa haviifichi. Chukua visikizi vya Shure SE846: ukinzani wa umeme ni omu 9, usikivu ni desibeli 114 kwa miliwati 1. Ukiigeuza hesabu hiyo iwe ya volti, unapata kama desibeli 134 kwa volti 1. Amplifaya yenye kelele ya mikrovolti 10 itakuletea shhh ya desibeli 34 ndani ya sikio lililozibwa, na hiyo huwezi kuikosa. Etymotic ER4SR zinatoa desibeli 96 kwa volti 0.1, yaani 116 kwa volti 1. Laptopu ile ile, kelele ile ile, lakini sikioni zinafika desibeli 16 tu. Ndiyo maana mwenye ER4SR anamshangaa mwenye SE846 na kudhani anajitafutia tabu.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kelele yako ni ya aina inayotibika kwa kununua kitu. Chomeka visikizi, funga programu zote za sauti, kisha pandisha volyumu kutoka sifuri hadi mwisho bila kucheza chochote. Shhh isipobadilika, inazaliwa baada ya kidhibiti cha volyumu, na mwongozo huu unakuhusu. Ikipanda pamoja na volyumu, chanzo kiko kabla yake. Mara nyingi ni maikrofoni inayorudishwa kwenye visikizi, kwa hiyo inyamazishe, punguza nguvu yake iliyoongezwa, na uzime maboresho yote ya sauti kwenye mipangilio. Kwenye Linux fungua alsamixer, programu ya kurekebisha njia za sauti, unyamazishe njia zote za maikrofoni zinazoelekea kwenye visikizi. Hutumii hata senti moja.

Halafu chomoa chaja. Mvumo mzito ukikatika, tatizo lako ni waya wa ethi (wa ardhini), si shhh. Ukisikia vifilimbi vinavyobadilika unapotembeza kipanya au kusogeza ukurasa, huo ni umeme wa ubao wa laptopu unaovuja kwenye njia ya sauti. Kuna pia ile shhh inayokatika sekunde chache baada ya ukimya na kurudi na kamlio ka "tap" sauti inapoanza tena. Hapo amplifaya inajizima ili kuokoa betri, na inakuthibitishia kwamba shhh ni yake.

Sasa jambo ambalo wanunuzi karibu wote wanaliruka. Boksi la kila DAC, yaani kifaa cha kugeuza data ya sauti kuwa umeme wa kupeleka kwenye visikizi, limeandikwa uwiano wa sauti kwa kelele: desibeli 112, 118, 120. Mnunuzi anachagua namba kubwa. Namba hiyo peke yake haisemi lolote kuhusu shhh, kwa sababu inapimwa kifaa kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho, na mwisho wa kila kifaa ni tofauti. Weka viwili mezani. Cha kwanza kinatoa volti 4 na kimeandikwa desibeli 118. Cha pili kinatoa volti 1 na kimeandikwa 112. Gawanya volti kwa uwiano: cha kwanza kina kelele ya mikrovolti 5, cha pili mikrovolti 2.5. Kile kilichoonekana duni kwa desibeli 6 ndicho kimya zaidi, tena kwa desibeli 6 hizo hizo. Mwenye visikizi vyepesi kuendesha hatafika hata robo ya volti. Volti 4 analipia bure, na analipishwa mara ya pili kwa shhh.

Hesabu ya kukariri ni fupi. Volti 1 kwa desibeli 100 ni mikrovolti 10. Kila desibeli 6 zinazoongezeka zinaikata kelele nusu, na kila volti zinapozidishwa mara mbili kelele nayo inazidi mara mbili. Kwa visikizi kama SE846 tafuta mikrovolti 2 au chini. Ikifika 3 utaisikia usiku, nyumba ikiwa imelala. Ikifika 5 utaisikia mchana.

Kuna ujanja mwingine kwenye namba hizo. Chipu nyingi za DAC hujinyamazisha zenyewe zisipopokea sauti, na mtengenezaji anapima kelele wakati huo huo zimejinyamazisha. Anapata namba ya kupendeza ambayo hutaisikia kamwe, maana muziki ukianza tu kinyamazishi kinafunguka. Kipimo cha haki ni kile kinachochukuliwa huku ishara ndogo ya desibeli 60 chini ya kilele ikipita ndani ya kifaa. Wachache wanakichapisha. Wauzaji wako tayari kukuandikia biti 32 na kilohezi 768 kwa herufi za dhahabu, lakini ukiuliza kelele kwenye tundu la kutolea sauti ni mikrovolti ngapi, wanakujibu kwamba sauti yake "ni safi sana". Muuzaji asiyejua volti za juu za kifaa anachouza hajui anauza nini, na bei yake haipungui kwa kutojua huko.

Sasa vifaa vya kununua. Nafasi ya kwanza naipa Qudelix-5K, wala sijifichi: nina upendeleo. Ni kakifaa ka kubana kwenye shati, kana betri yake, na kanafanya kazi kwa USB au kwa Bluetooth. Kilichokapa ushindi ni swichi moja ndani ya programu yake: tundu la milimita 3.5 unaweza kulifunga kwenye volti 1 badala ya 2. Wengi hawaigusi, kisha wanalalamika. Iweke kwenye volti 1 siku ya kwanza. Tundu la 2.5 la waya zilizotenganishwa liache, hata kama kebo yako inaingia, kwa sababu lenyewe linaanzia volti 2 na kufika 4. Hizo hazikusaidii kitu, na kelele inapanda nazo. Laptopu yako ikiwa na vile vifilimbi vya ubao, tumia Bluetooth: hapo hakuna waya kabisa kati ya laptopu na masikio, na umeme mchafu hauna pa kupitia. Ikwalaiza yake inakaa ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo ukihama laptopu unahama nayo. Lawama zipo. Ganda ni la plastiki, na programu yake ina kurasa nyingi kiasi kwamba mgeni anapotea. Usomaji wake kwa USB unaishia kilohezi 96, na hilo halimhusu mtu yeyote mwenye masikio ya binadamu.

Ya pili ni iEMatch ya kampuni ya iFi, na kwa mwenye amplifaya nzuri yenye kelele ndiyo ya kwanza. Haina DAC wala betri. Ni kipunguzi cha rezista kinachokaa katikati ya tundu na visikizi. Ina hatua mbili, ya kupunguza desibeli 12 na ya 24. Uzuri wake ni kwamba inapunguza shhh na muziki kwa kiasi kilekile, kisha unaurudisha muziki kwa kupandisha volyumu, na shhh inabaki chini. Ile shhh ya desibeli 34 ya mfano wetu, ukiweka hatua ya 24, inabaki 10. Imekwisha. Faida ya pili ni kwamba volyumu inakuwa na nafasi ya kutembea. Badala ya kuishi kati ya asilimia 2 na 6, ambako hatua moja inaruka kutoka kunong'ona hadi kupiga kelele, unatumia kidhibiti chote.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Kuna adapta za rezista moja, omu 75 au zaidi, zinazouzwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwa macho ni kitu kimoja na iEMatch. Kwa masikio ni vitu viwili. Visikizi vyenye vispika vidogo vingi ndani havina ukinzani mmoja: vinaweza kuwa omu 10 kwenye sauti za kati na omu 40 kule juu. Ukivitangulizia omu 75, sauti za kati zinapungua desibeli 18.6 na za juu zinapungua 9.2 tu. Umeua shhh, sawa, lakini umepandisha trebo, yaani sauti za juu, kwa zaidi ya desibeli 9 bila kuombwa. Waimbaji wanarudi nyuma, herufi "s" inachoma. Kipunguzi kilichopangwa vizuri kina rezista ya pili inayoshuka kwenye ethi, na visikizi vinakiona kama omu 1 au 2. Tofauti kwenye mfano huo huo inashuka chini ya desibeli 1 ukinzani ukiwa omu 1. Visikizi vyenye kispika kimoja cha kawaida, vile ambavyo ukinzani wake hauyumbi, vinaistahimili omu 75 bila shida. Hivyo navyo ndivyo visivyo na shhh sana.

Na wenye MacBook Pro za kuanzia 2021 wajihadhari zaidi. Tundu lake linapima ukinzani wa kilichochomekwa: chini ya omu 150 linatoa hadi volti 1.25, kuanzia 150 linapanda hadi volti 3. Ukiweka adapta ya omu 200 ili upunguze, mashine inadhani umeleta hedifoni kubwa za studio na inaongeza nguvu. Sehemu ya ulichokinunua imeliwa papo hapo.

Ya tatu kwa mtu wa mezani asiyetembea na laptopu: RME ADI-2 DAC FS. Ni DAC ya mezani yenye tundu la pekee kwa ajili ya visikizi vyepesi kuendesha, limetenganishwa na lile la hedifoni kubwa, na ni moja ya sehemu kimya zaidi unazoweza kuchomeka kitu. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu moja tu, bei. Kumwambia mtu anayetafuta kuondoa shhh anunue kifaa kinachoweza kuizidi laptopu yake kwa gharama ni kumkejeli. Ukiwa nayo tayari, hakikisha tu umetumia tundu dogo la 3.5, si lile kubwa la 6.3. Kuna watu wameilipia wakachomeka kubwa.

Za bei ndogo sina mengi. Adapta ya Apple ya USB-C kwenda 3.5 inashangaza kwa ukimya, ukinzani wa tundu lake la kutolea sauti ni kama omu 1, na inatosha kwa watu wengi. Toleo la Ulaya linatoa volti 0.5 badala ya 1. Kwa visikizi hivi hilo ni jema. Waya wake mwembamba huchoka karibu na plagi. Vidhibiti vya volyumu vya kwenye waya, vile vya kuzungusha, acha: upande mmoja huwa na sauti kubwa kuliko mwingine ukizungusha chini, na baada ya muda vinakwaruza.

Anayejua kuunga waya kwa pasi ya kulehemu anaweza kujitengenezea kipunguzi. Kila upande weka rezista ya omu 22 mfululizo na ya omu 2.2 kutoka upande wa visikizi kwenda ethi, zote za robo wati na uvumilivu wa asilimia 1. Unapata upungufu wa desibeli 22 hivi kwa visikizi vya omu 10, na ukinzani wa omu 2 upande wa kutolea sauti. Pima jozi za rezista kwa multimita kabla ya kuunga, ziwe sawa kushoto na kulia, na usiruhusu waya za pande mbili zigusane.

Vinavyouzwa kwa kazi hii bila kuifanya: kebo za dhahabu, vile vidonge vyeusi vya feraiti vya kubana kwenye waya, na vitenganishi vya USB. Kitenganishi kinaondoa mvumo wa ethi kweli, lakini shhh ya amplifaya hakiigusi, na vile vilivyojengwa kwa chipu ya ADuM3160 au ADuM4160 vinaishia mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, hivyo DAC nyingine zinakataa kufanya kazi kwavyo.

Ukishaweka kipunguzi, weka utoaji sauti wa laptopu kwenye biti 24, kisha rekebisha volyumu kwa masikio yako. Na ukikichomoa, hata kwa dakika moja ili umwazime mtu visikizi, shusha volyumu hadi sifuri kwanza. Muziki uliokuwa wa kawaida utarudi na desibeli 24 juu yake.