Kugeuza kompyuta ya ofisi kuwa ya gemu: hesabu pini kabla ya kuhesabu pesa

Nilimwahidi mdogo wangu kompyuta ya gemu akimaliza kidato cha sita. Mpya sikuiweza, kwa hiyo nikaenda Kariakoo nikachukua mashine ya ofisi iliyotumika Ulaya, kesi kubwa ya kusimama, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 ya kizazi cha 4. Duka la pili nikanunua kadi ya grafiki, GTX 1650. Kadi ile ilikuwa na tundu la umeme la pini 6 ubavuni, na ndani ya mashine hapakuwa na waya wa kuingia humo. Muuzaji akachomoa kiunganishi kidogo kwenye droo. "Chomeka hapa kwenye waya wa hadi diski, dada yangu, haina shida." Wiki ya pili nikiwa jikoni nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kiunganishi kilikuwa kimeyeyuka na kugandia waya.

Nikashauriwa ninunue pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi, ya wati 500. Nikanunua. Kufungua kesi ili niifunge, waya wake mkuu una pini 24, madabodi (ubao mkuu wa ndani) ina tundu la pini 8. Nikairudisha dukani jioni ile ile nikajibiwa kwamba boksi likishafunguliwa, mali ni ya mteja.

Ndiyo maana hapa sitaongelea sana ukubwa wa hadi diski wala ram. Hayo wauzaji wanayaimba kutwa. Chukua ram GB 16 katika vijiti viwili badala ya kimoja, weka SSD (diski ya kasi), basi. Kinachokula pesa za watu ni umeme, na hakuna anayekitaja.

Kompyuta ambayo mtu anaiunga mwenyewe hufuata mpangilio wa ATX, na waya mkuu wa pawa saplai huwa na pini 24. Kampuni zinazotengenezea maofisi zilishaacha mpangilio huo, kila moja kwa njia yake. Dell OptiPlex 7020 na 9020 za kizazi cha 4 zina pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina 6. Lenovo ThinkCentre M93p ina 14. Kwa nje zote ni makasha meusi yanayofanana, na bei hazipishani sana, lakini siku pawa saplai ikifa ndipo utajua umenunua nini.

Kadi ya grafiki nayo hupata umeme kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni lile tundu inamokaa kwenye madabodi, ambalo kwa kanuni hutoa mpaka wati 75. Njia ya pili ni waya unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na mashine nyingi za ofisi waya huo hazina. Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na njia ya kwanza: GTX 1050 Ti au GTX 1650, yoyote iwe isiyo na tundu ubavuni. Hapo kuwa macho, kwa sababu zote mbili zipo zenye tundu na zisizo na tundu, na jina ni lile lile. Igeuze kadi mkononi, itazame ubavu wote. Kile kiunganishi cha droo kikatae kabisa. Kichwa cha SATA, yaani kile cha waya wa hadi diski, kina pini tatu za volti 12, kila moja kwa ampea 1.5, jumla wati 54, ilhali tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta wati 75. Hesabu hiyo haihitaji fundi, na bado vinauzwa.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Dell.

Ya kwanza ni OptiPlex 5060 au 7060, ile kubwa ya kusimama iliyoandikwa MT, yenye i5-8500. Prosesa hiyo ina koa 6 (viini vya kufanyia kazi) na inatumia wati 65 tu, kwa hiyo pawa saplai yake ya wati 260 inaibeba GTX 1650 bila kuhema. Pia kizazi cha 8 ndicho Windows 11 inapoanza kukubali prosesa za Intel, na Windows 10 iliachwa bila matengenezo ya bure ya kawaida tangu Oktoba 2025. Kama mtoto wako anacheza Valorant, jambo hili ni kubwa: kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot, yaani kinga za usalama za mashine yenyewe.

Ya pili ni OptiPlex 9020 MT. Chukua i7-4790 ukiipata, ina koa 4 lakini inafanya kazi nane kwa mpigo. I5-4590 nayo si mbaya. Prosesa wati 84, kadi wati 75, vingine tuseme 40: unafika 199 kwenye pawa saplai ya wati 290. Na ikifa, kuna waya wa kubadili pini 24 kuwa 8 uliotengenezwa kwa ajili ya mashine hii hasa, halafu pawa saplai ya kawaida inaingia ndani ya kesi yake. Hilo ndilo lililonifunga kwa Dell. Mdogo wangu anachezea GTA V kwenye mashine kama hii mpaka leo.

ThinkCentre M93p ya kusimama naiweka ya tatu, maana waya wa kubadili pini 14 nao upo. EliteDesk 800 G1 ni imara na ina wati 320, ila zile pini 6 zimenikatisha tamaa.

OptiPlex 7010 MT ina pini 24 za kawaida, jambo ninalolipenda mno, lakini prosesa zake za kizazi cha 3 hazina AVX2 (kundi la amri za prosesa), na baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hiyo.

Zile nyembamba za SFF ni rahisi, lakini zinataka kadi fupi kwa kimo, na kadi ya aina hiyo yenye nguvu ni ghali kuliko ya kawaida. Vile vidogo kama kitabu viache viendelee kuchapa barua.

Wauzaji wetu wananiumiza. Unauliza kizazi, unajibiwa "ni Core i7 hiyo, dada." I7 ya mwaka gani? Unauliza grafiki, unaambiwa "ina GB 2", kumbe ni ram ya mashine inayoazimwa. Wengine wanabandika taa za rangi kwenye kesi wanaongeza laki mbili.

Kibaya zaidi ni kadi bandia: chipu za zamani za GTX 550 Ti zilizoandikwa upya zijitambulishe kama 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA, lile la zamani la waya wa skrini, ishuku hapo hapo, maana chipu halisi haitoi picha ya VGA. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, inayoitambua kadi, iwekwe kwenye mashine ya duka kabla hujatoa pesa. Kadi bandia itaandikiwa FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikukatalia kuifungua programu hiyo, usilipe.