Darasa la awali la serikali au chekechea ya binafsi?
Kwa mtoto wa miaka 5 jijini Dar es Salaam, darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali halitozi ada, na mafunzo hutolewa kwa Kiswahili anachokielewa, ingawa sare na madaftari hubaki juu ya mzazi na mara nyingi mwalimu mmoja huelemewa na watoto wengi mno. Chekechea ya binafsi huwa na watoto wachache na hupokea hata wa miaka 3, lakini ada ni nzito, na basi la shule linalozunguka Mbagala humwamsha mtoto alfajiri, jambo linaloniumiza sana. Mzazi anayetoka kazini jioni hufaidika na kituo kinachokaa na watoto kutwa. Mwenye bibi nyumbani na shule ya jirani hana sababu ya kuikimbia ya serikali. Kote kuwili, kagua vyoo kabla ya kuandikisha.