Usalama wa mtandao: shahada ya uzamili au vyeti vya kitaalamu?

Vijana wa kompyuta huniuliza sana: nisome shahada ya uzamili, au nitafute vyeti kama OSCP (cha udukuzi wa kihalali, wa kupima udhaifu wa mifumo) na CISSP (cha kusimamia usalama wa taarifa)?

Uzamili huchukua mwaka 1 hadi 2. Utasoma kriptografia (ufichaji wa taarifa kwa misimbo), usimamizi wa vihatarishi na sheria, na hapo kwenye sheria pana thamani ambayo wengi hawaioni. Tangu Kenya ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ipitishe ile ya taarifa binafsi mwaka 2022, taasisi zinamhitaji mtu wa kuketi na bodi akaeleza hatari kwa lugha ya fedha. Na anayetaka kufundisha chuo kikuu, uzamili haukwepeki.

OSCP ni habari nyingine. Mtihani wake ni saa 23 na dakika 45 za kuvunja mifumo kwa vitendo, msimamizi akikutazama kwa kamera, kisha saa 24 za kuandika ripoti. Kukariri hakusaidii, ama umeingia kwenye mashine, ama hukuingia. CISSP yenyewe inadai uzoefu wa miaka 5, ingawa shahada hupunguza mwaka 1.

Anayeanza, namsihi aanze na cheti cha vitendo na kazi ya zamu za usiku, akisoma kumbukumbu za seva (rekodi za kila kinachofanyika kwenye mfumo) mstari kwa mstari hadi atambue hatua za mwenyeji na za mwizi. Uzamili ausome baadaye, jioni, akiwa na maswali yake mwenyewe. Lakini aliye kazini miaka mingi, nafasi za uongozi zikimpita, ada ya uzamili ailipe sasa.